Kimya Hadi Saa Sita

Jumatatu, 15 Septemba

Wamefika leo, na namshukuru Mungu kwamba nyumba hii ina milango miwili. Gari la kwanza lilisimama mbele, la pili upande wa bustani. Nilikuwa nimewaambia madereva wazunguke mji wetu wa Versoix, karibu na Geneva, huku wakipigiana simu mpaka wawe tayari, ili milango ifunguliwe kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Watu wakisikia kazi yangu hucheka: mwanamke mzima analipwa kwa kupanga nani apite wapi. Wacheke tu. Nimewahi kuona mazungumzo yakivunjika kwa sababu ya kiti.

Siandiki majina ya nchi za wageni, hata humu. Ujumbe mmoja umelala ghorofani, basi hao ni wa Ghorofani. Mwingine umelala vyumba vya chini, hao ni wa Bustanini. Ni majirani wa milima ya Andes, wanaongea Kihispania kimoja, wanasali kwa watakatifu walewale, na Julai walirushiana risasi kwa ajili ya chemchemi moja na malisho yake. Kila upande unashikilia vijana wa mwenzake, askari wa vituo vya mpakani. Wamekuja kwetu kutafuta namna ya kubadilishana vijana hao na kugawana maji. Mvua za kule zikishakolea, barabara ya mpakani huzibwa na matope hadi Aprili, kwa hiyo tusipoelewana kabla ya Desemba, vijana watabaki seli msimu mzima.

Mkuu wa Ghorofani ni Balozi Leonor Iturralde. Aliniuliza jina langu mara moja, na mezani jioni akaniita Solange kama tuliosoma pamoja. Mkuu wa Bustanini ni kanali mstaafu, Fermín Oquendo. Yeye aliniuliza kwa nini mwenzake yuko juu na yeye chini.

"Juu kuna ngazi, Kanali," nikamwambia. "Chini kuna mwanga."

"Nimelala chini miaka yote ya jeshi, mama. Mwanga haujawahi kunipandisha cheo."

Huyu atanisumbua.

Jumanne, 16 Septemba

Kanali amelalamikia supu, mto wa kulalia, na kengele ya kanisa.

Ijumaa, 19 Septemba

Mkutano mzima umekwenda kwenye ramani. Ghorofani wameleta yao, Bustanini yao, na chemchemi imo ndani ya nchi zote mbili. Msuluhishi wetu, Balozi Tuomas Hallamaa, ni Mfini, mrefu, mkavu, anaweza kukaa saa nzima asitoe neno. Aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akazikunja ramani zote mbili na kuzikalia. Walibishana tena, lakini kwa adabu kidogo, maana ni vigumu kumwambia mzee asimame.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Hawajasogea.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimemkuta Kanali jikoni. Jikoni kwangu haingii mgeni, na Jacinta, mpishi wetu, ni Mreno ambaye amewahi kumfukuza waziri kwa mwiko. Leo alikuwa amemkabidhi Kanali sufuria na viazi, na yeye mwenyewe amekaa anamtazama.

"Kanali, ukimaliza kuonja utatubakizia hata ya kulamba?" alimwuliza.

"Naonja kwa sababu chumvi yako inaficha uovu mwingi."

"Wewe chumvi umeijulia wapi? Kwenu hamna hata bahari."

"Tulikuwa nayo. Tuliipoteza kwenye mazungumzo kama haya."

Jacinta alicheka mpaka akashika meza. Mimi nikamkumbusha kanuni ya wageni na jiko. Akaniambia, "Mama Itifaki, mwache mtu ale supu yake." Nimemwacha. Sijapenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Wamekubaliana juu ya neno "eneo". Siku nzima kwa neno moja. Si haba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jana mchungaji wa upande wa Bustanini alipeleka kondoo wake chemchemi ileile. Askari wa Ghorofani alimwamuru aonyeshe kibali. Mzee hakuwa na kibali, na nadhani hakujua kibali ni kitu gani, kwa kuwa babu zake walinyweshea hapo kabla nchi hizo hazijawa nchi. Akapigwa risasi. Amekufa.

Kanali alipopata habari hakupaza sauti. Aliingia chumbani kwake akatoa sanduku la safari. Wakili Belzu, msaidizi wake, kijana mwenye tai nyembamba, alinifuata ukumbini amekauka midomo.

"Bi Solange, zungumza naye wewe. Sisi akitukunjia uso tunakimbia."

"Mimi kazi yangu ni milango, Wakili."

"Ndiyo hiyo. Ifunge basi."

Nilikwenda kwa Balozi Iturralde nikidhani atashuka kutoa pole. Alikuwa kwenye simu na kwao. Alipomaliza alisema uchunguzi unafanyika, na kwamba neno pole, likitamkwa leo, kesho litasomwa mahakamani. Alisema kwa upole na aliniomba radhi kwa kunipandisha ngazi. Nilimwelewa. Huyu ni mtu wa kazi, na kazi yetu haifanywi kwa machozi.

Ni Hallamaa aliyekwenda kwa Kanali. Alichukua koti lake na la Kanali, akafungua mlango wa bustani akasimama. Kanali akatoka. Waliufuata ufuo wa ziwa kuelekea Coppet, bize, upepo wetu wa baridi kutoka kaskazini, ukiwapiga usoni. Walirudi kiza kinaingia, wamelowa. Nikamwuliza Hallamaa amemwambia nini.

"Sikumwambia kitu."

"Yeye je?"

"Jina la mchungaji. Jina la mkewe. Halafu akanyamaza na yeye."

Sanduku limerudi kabatini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chakula cha mchana na Balozi Iturralde, sisi wawili tu. Alinionyesha picha ya kijana mmoja kwenye simu yake, Nicanor, mmoja wa mateka walioshikwa na Bustanini. Ana masikio makubwa na anacheka. Tangu utotoni mapafu yake si mazima. Mama yake humpigia Balozi kila Jumapili baada ya misa.

"Sijui namba yangu aliipata wapi," alisema. "Wizarani wananiambia nisipokee. Napokea."

Napenda anavyotenganisha mambo. Analia kwa ajili ya kijana mezani, halafu anafuta uso na kwenda kubishana juu ya mita za ujazo.

Jumapili, 2 Novemba

Kanali ameoka mikate yenye umbo la watu. Kwao leo ni siku ya wafu, na kila marehemu huokewa mkate wake. Alioka wa baba yake, wa rafiki zake wa jeshi, na mmoja wa yule mchungaji. Uso wa mchungaji aliuchora kwa karafuu. Kisha, kwa kuwa unga ulibaki, akaoka mmoja mnene akanipa mimi.

"Mimi sijafa, Kanali."

"Najua, mama. Huu wa akiba."

Nimeula. Si mbaya. Sisi watu wa Geneva tukipenda kitu sana ndivyo tunavyosema.

Alizungumza kidogo juu ya dada yake mkubwa, Saturnina, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Bado yu hai, yuko kijijini juu ya milima, haoni vizuri, na kila wiki anamtumia ujumbe wa sauti kumwuliza kama amevaa soksi nzito.

Ijumaa, 7 Novemba

Rasimu imekamilika. Dakika za mwisho, wakati kila mtu ameshachoka na Belzu anapiga miayo wazi, Balozi Iturralde aliomba sentensi moja iongezwe kwenye ibara ya chemchemi: wachungaji wa Bustanini watanywesha kwa kibali cha kituo cha Ghorofani. Alisema ni jambo la utaratibu tu. Kanali alikuwa anasugua macho. Ikaingia.

Sasa tunaingia kwenye kimya. Waliozaliwa katika kazi hii hawaoni ajabu, lakini nilipomweleza Jacinta alidhani namtania. Mwisho wa mazungumzo kama haya hatuwaombi watu waseme ndiyo. Tunaweka karatasi na kutaja siku na saa. Mwenye pingamizi aje aseme, na hapo tunasema amevunja kimya. Ikifika saa hiyo hakuna aliyesema, yameshakuwa makubaliano. Uzuri wake ni kwamba hakuna aliyetamka ndiyo, kwa hiyo hakuna wa kutukanwa kwao kwamba ameuza nchi.

"Kumbe mnaoa kwa kutojibu," alisema Jacinta.

"Kwenu hamjui kwamba anayenyamaza amekubali?"

"Kwetu anayenyamaza ana meno yanauma."

Jumatatu, 10 Novemba

Karatasi zimetolewa. Kimya hadi Ijumaa saa sita mchana. Anayeweza kukivunja ni mkuu wa ujumbe peke yake, kwa mkono wake au sauti yake. Mpokeaji wa pingamizi ni mimi, kwenye meza ndogo ya ukumbini. Kikipita, vijana wanaweza kuwa makwao ndani ya wiki, kabla ya matope.

Jumanne, 11 Novemba

Kanali amekuja jikoni na rasimu chini ya kwapa. Jacinta alikuwa analoweka samaki mkavu wa chumvi, mimi nahesabu vijiko.

"Hii sentensi ya kibali," alisema, wala hakuwa anatuambia sisi, alikuwa anaiambia supu iliyokuwa motoni. "Mjane wa yule mzee aende kumpigia magoti askari aliyemwua mumewe, amwombe karatasi ya kunywesha kondoo. Nililala nikaiamkia. Haipiti. Ijumaa nitavunja."

"Mwambie Balozi leo," nilisema. Sikupaswa kusema hata hilo.

"Leo bado nina hasira. Nitavunja Ijumaa asubuhi nikiwa nimenyoa."

Nikarudi kwenye vijiko. Kanuni ya kwanza ya nyumba hii, niliyofundishwa nikiwa msichana na niliyowafundisha wengine, ni kwamba yasemwayo jikoni hatuyasikii. Ndiyo sababu wageni husema.

Jumatano, 12 Novemba

Saturnina amefariki. Habari zilimfikia Kanali akiwa anakunywa chai. Alimaliza kikombe, akakisuuza mwenyewe. Ndege ilikuwa mchana huu. Mlangoni aliniambia, "Tutaongea nikirudi, mama," akamtazama Hallamaa, akapanda gari.

Hakusema neno juu ya kimya.

Nimelifikiria jioni nzima. Hakusahau. Kwao, kama alivyosimulia siku ya mikate, mtu akifiwa kila kitu husimama chenyewe: deni husimama, kesi husimama, hata ugomvi wa mpaka wa shamba husimama, mpaka nguo za marehemu zifuliwe mtoni siku ya nane. Huwezi kumwomba mtu asimamishe. Ni kumtukana, kama kumwomba asikuibie. Basi ameondoka akiamini saa yetu imesimama. Ya kwetu haisimami. Ijumaa itafika, yeye atakuwa juu milimani pasipo mtandao, na kimya chake kitahesabiwa kuwa ndiyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Belzu amepiga simu kutwa. Hapatikani.

"Mkuu wako alikuwa na neno juu ya rasimu?" nikamwuliza.

"Kanali? Angekuwa nalo si angesema?" Alikuwa na furaha ambayo alijaribu kuificha kwa sababu ya msiba. "Vijana wanarudi, Bi Solange. Wiki ijayo wanarudi."

Balozi Iturralde hakutuma maua wala kadi Bustanini. Niliona, nikajiambia kwamba pengine vimechelewa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana leo nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Saa mbili asubuhi Balozi Iturralde alishuka kwa kifungua kinywa, akaniomba nikae.

"Kimya kinaendelea vizuri?"

"Mezani kwangu hakuna kitu, Balozi."

"Hakitakuwepo." Alipaka siagi polepole. "Unajua mambo, Solange. Nakuona usoni tangu jana. Labda Fermín alinung'unika mahali. Wote tunanung'unika. Lakini sheria tuliiandika pamoja, na kimya ni kimya."

"Kimya cha mfiwa, Balozi?"

"Cha yeyote." Akanigeuzia simu: kijana mwenye masikio makubwa. "Mama yake anasema sasa anakohoa damu. Jumatano ijayo ninaweza kuwa naye hospitali. Ukinitafutia kasoro ya adabu, atakaa kule hadi Aprili, kama atafika. Nakuomba kama rafiki. Usisikie kitu."

Sikupenda alivyosema. Kila alilosema lilikuwa kweli. Nilikwenda kukaa kwenye meza yangu ya ukumbini. Upepo wa bize ulikuwa unatikisa madirisha. Jacinta alikuja na kahawa nisiyoagiza.

"Wewe ulisikia, na mimi nilisikia," alisema.

"Jikoni hatusikii."

"Basi mimi ndiye nimwambie mzee Hallamaa? Mimi nitaonekana mpishi mwenye umbeya. Wewe ndiye Mama Itifaki."

"Kuna kijana anakohoa damu, Jacinta."

"Najua. Na kule kuna mjane wa mchungaji." Akaketi, jambo ambalo hafanyi mbele ya wageni. "Karatasi hiyo ikipita leo, Kanali akirudi atafanya nini?"

Hapo ndipo nilipoona. Atasema wamemwibia akiwa kaburini kwa dada yake. Milima yote itasema hivyo, hata wajukuu. Vijana watakuwa wamerudi, kisha watapelekwa tena kwenye vituo vilevile, na safari ijayo hakuna atakayekubali kuja Versoix kukaa mezani na watu wanaohesabu maombolezo kuwa saini. Lakini hayo ni ya miaka. Nicanor ni wa wiki hii. Niliogopa, na naandika hivyo kwa sababu sitaki baadaye nijidanganye kwamba nilisimama kwa ujasiri.

Saa tano na nusu nilibisha ofisini kwa Hallamaa.

"Kuna aliyesema?" aliuliza.

"Mezani hakuna. Jikoni yupo."

Nilimweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifunga faili lililokuwa mbele yake.

"Unajua unachokivunja, Bi Pittet?"

"Najua."

"Na kijana?"

"Najua."

Akasimama, akavaa koti la suti, akapanda ghorofani mwenyewe. Saa sita kasoro dakika chache alitangaza kwamba msuluhishi, kwa mamlaka yake, amesimamisha kimya kwa ajili ya msiba, hadi mkuu wa ujumbe wa Bustanini arudi.

Balozi Iturralde alinikuta kwenye ngazi. Hakuwa amekasirika, au alikuwa amepita huko.

"Kijana akifa," alisema, "utakuja kunieleza ulichosikia jikoni."

Jumamosi, 15 Novemba

Balozi Iturralde haniiti tena Solange. Ananiita Bi Pittet.

Jumatatu, 17 Novemba

Ukungu umelala juu ya ziwa. Belzu hali tena chakula meza moja na mimi. Vijana wangekuwa njiani leo.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua imeanza kule. Mapema mno, wanasema.

Jumamosi, 22 Novemba

Kanali amerudi, amevaa nyeusi tangu kofia hadi viatu, amekonda. Belzu alikwishamweleza yaliyopita. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Nilidhani saa zenu zinajua kufiwa," alisema.

"Hazijui, Kanali."

"Basi aliyezisimamisha anajua." Akaniwekea mezani pakiti ndogo ya majani ya chai ya kwao, akaenda kulala. Nilimdhania msumbufu tu mtu huyu, tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya mto na supu.

Jumanne, 25 Novemba

Siku mbili wamekaa wenyewe, yeye na Balozi Iturralde, Hallamaa akiwa pembeni kama kabati. Nilipeleka chai nikasikia sehemu.

"Kibali kitoke kwa nani basi?" aliuliza Balozi. "Kwako?"

"Kisitoke kwa yeyote. Wazee wetu walikuwa na mwamuzi wa maji. Kila mwaka vijiji vya pande zote mbili vilimchagua mmoja, akagawa zamu. Hakuwa na bunduki, alikuwa na fimbo."

"Bibi yangu alimtaja. Nilidhani ni hadithi."

"Bibi yako alitoka wapi?"

Alimtajia kijiji. Kanali akasema anakijua, watu wake wabahili sana. Balozi akasema ni kweli. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana bila msuluhishi.

Kibali kimefutwa, mwamuzi wa maji ameingia. Barabara imekwishafungwa, kwa hiyo imeandikwa kwamba mateka watavushwa kwa miguu, kwa njia ya nyumbu wa kubeba mizigo, maadamu bado inapitika. Kimya kipya kinaanza kesho, hadi Ijumaa saa sita mchana.

Alhamisi, 27 Novemba

Nicanor amefariki alfajiri, katika zahanati ya kambi, mikononi mwa Bustanini.

Hii haikuwa habari ya uvumi, ililetwa na Belzu mwenyewe, analia. Kwao Ghorofani magazeti yanataka vita. Wizara imempa Balozi amri avunje kimya na afunge mizigo. Nimeambiwa na katibu wake, ambaye tayari anaulizia magari. Hakuna atakayemlaumu. Haki anayo yote.

Nilipanda kwake, kwa kuwa alikwisha kuniambia nije. Mlango ulikuwa wazi. Nilisema, "Nimekuja, Balozi."

"Rudi chini, Bi Pittet. Sina nguvu ya kukusikia."

Nikarudi. Nimekaa kwenye choo cha watumishi nikalia, mtu mzima na funguo zangu kiunoni.

Alasiri Kanali aliingia jikoni, hakutania. Alikanda unga. Akaoka mkate mmoja, wenye masikio makubwa, maana picha ile aliionyeshwa juzi mezani. Akapanda nao ghorofani, yeye ambaye tangu Septemba hakuwahi kukanyaga ngazi zile. Nilisikia akibisha, kisha mlango ukifunguliwa. Alikaa ndani kitambo. Aliposhuka sahani haikuwa mkononi.

"Amekutukana?" Jacinta aliuliza.

"Sana," alisema Kanali. "Nilistahili. Tulikuwa na daktari mmoja kwa kambi nzima."

Ijumaa, 28 Novemba

Magari ya Ghorofani yalikuwa mlangoni tangu saa nne. Masanduku ukumbini. Mimi kwenye meza yangu. Hallamaa ofisini, mlango wazi. Kanali alisimama bustanini kwenye baridi bila koti, na Belzu nyuma yake amelishika.

Saa sita kasoro robo Balozi Iturralde alishuka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, upande wa wenye pingamizi. Aliweka simu mezani kati yetu. Nilichukua kalamu, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Simu ikalia. Wizara yake. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Katibu wake alisogea, akasema kwa sauti ndogo, "Balozi, wanasubiri neno lako." Akamwonyesha kwa kidole arudi nyuma. Ikalia mara ya tatu, na sote tukaisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Sikumtazama usoni. Nilitazama mikono yake, iliyokuwa imeshikana.

Kengele ya kanisa ilipiga saa sita. Hakusema. Nami sikuthubutu kuinua kichwa.

"Saa ngapi?" aliuliza baadaye.

"Saa sita na dakika nne, Balozi."

"Basi." Akapumua. "Kesho nitakuwa balozi wa zamani."

Nilitaka kumshukuru. Akaniona nafungua mdomo.

"Usiseme. Sijakusamehe, Solange. Hayo ni mengine." Akachukua simu, akaigeuzageuza. "Mama yake Nicanor alinipigia alfajiri. Nilijua atanilaani, nikapokea nilaaniwe. Aliuliza kitu kimoja tu, kama wale wenzake watatoka. Nilishindwa kumjibu. Nikamwambia anipe mpaka saa sita."

Akatafuta namba ya yule mama, akaiweka simu sikioni. Nikachukua kalamu na karatasi zangu tupu, nikaenda kumwambia Hallamaa.